Daraja limekaa vizuri, lakini maji yamesimama kama ukuta. Nakosea wapi?

Karatasi Mbichi (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada, maana jambo hili limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa.

Nachora daraja la mjini, la mawe, lenye matao matatu, la katikati likiwa kubwa kuliko mengine. Nyuma yake kuna majengo, na upande wa kulia mnara wa saa unachungulia juu ya ukingo wa daraja. Picha za simu nazipiga nikiwa nimesimama juu kabisa ya ngazi zinazoshuka mtoni, jua likiwa limeanza kulala, kisha narudi nyumbani kuchora kwa rangi za maji. Daraja lenyewe nalipatia. Mawe yanaonekana mawe, matao yana kina, hata zile taa za darajani nimezifurahia. Kazi inaharibika nikishuka chini ya mstari wa maji.

Nilichofanya ni hiki. Nililichora daraja kwa penseli, nikalinakili kwenye karatasi inayoonyesha upande wa pili, nikaigeuza juu chini na kulipachika chini ya mstari wa maji ili kila kitu kilingane: mnara, taa, matao, vyote. Nikapaka maji bluu eneo zima, yakakauka, kisha nikapaka daraja la majini kwa rangi zilezile za daraja la juu. Mwisho nikaongeza mawimbi kwa mistari ya rangi nyeupe nzito.

Matokeo yake naona madaraja mawili yaliyogandana miguuni. Maji hayalali. Yamesimama wima kama ukuta uliopakwa bluu, na daraja la pili limebandikwa juu yake. Katika jaribio la tatu nilitaka kulainisha kivuli cha nguzo ya kushoto, nikaongeza maji kwa brashi kabla rangi haijakauka, likatoka doa kubwa lenye kingo za kujikunja kama ua la koliflawa. Nilijaribu kulifuta, likazidi kutanuka hadi tao la katikati. Niliumia sana, kwa sababu daraja la juu kwenye karatasi ile ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuchora.

Karatasi yangu ni ya pamba, gramu 300. Brashi ninazo mbili za mviringo na moja bapa ambayo sijawahi kuitumia.

Naomba kuuliza: kivuli cha daraja kwenye maji kinapakwa kabla ya maji au baada yake? Maji yenyewe yawe rangi gani hasa? Na zile taa zinazoshuka majini kama nguzo ndefu za dhahabu, wenzangu mnazipataje?

Penseli Butu

Pole sana mkuu. Hiyo karatasi ya kunakilia ndiyo iliyokuponza. Maji hayanakili, maji yanavunja. Ukiweka kila jiwe na kila dirisha majini, jicho halioni tena maji, linaona jengo jingine.

Mimi hupaka daraja la majini hafifu kuliko la juu, kwa brashi kubwa, bila dirisha hata moja. Na hiyo mistari myeupe iache kabisa. Ulipoitaja tu nikajua maji yako yamekufa, kwa sababu rangi nyeupe nzito ikikaa juu ya rangi za maji inaonekana chokaa, haionekani mwanga.

Mzee Brashi Bapa

Karatasi Mbichi mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili, na naona shida imeanzia kwenye neno. Umeandika "kivuli cha daraja kwenye maji". Sote tunasema hivyo, hata anayejitazama kisimani husema ameona kivuli chake. Lakini mchoraji akienda mtoni na neno hilo moja, mkono wake utachanganya vitu viwili.

Kivuli ni pale daraja linapoziba jua. Kinaangukia upande wa pili wa jua, kinahama saa kwa saa, na kwenye maji safi hakionekani sana kwa sababu mwanga unapenya na kuzama. Maji yenye tope ndiyo yanayokipokea vizuri. Taswira ni kitu kingine. Ni mwanga uliotoka kwenye mawe ya daraja, ukagonga uso wa maji, ukaja jichoni kwako. Hiyo haifuati jua, inakufuata wewe. Ukisogea kando inasogea, ukichuchumaa inabadilika, na wakati wote inakaa chini ya kitu chake, wima. Tangu nilipoanza kuyatenganisha hata mdomoni, hili kivuli, hii taswira, nimeacha kuvichora kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana kugeuza mchoro juu chini hakufai. Unachokiona majini si picha ya daraja iliyopinduliwa. Ni daraja linavyoonekana na jicho jingine, lililo chini ya uso wa maji kwa kina kilekile ambacho jicho lako liko juu yake. Wewe unalitazama kutoka juu, lile jicho linalitazama kutoka chini. Haliwezi kuona sawasawa na unavyoona wewe.

Jaribu mezani leo hii. Laza kioo cha kujitazamia, shika kikombe juu yake, kiwe kimeinuka kidogo. Ukiwa umesimama, kwenye kikombe halisi unaona mdomo na unachungulia ndani. Tazama kioo: mdomo haupo, na badala yake kitako cha kikombe, ambacho jicho lako halikioni kabisa, kinakukodolea. Sasa kiweke kikombe juu ya kioo na nyuma yake simamisha chupa inayokizidi urefu kwa vidole viwili. Juu unaiona chupa ikichungulia. Ndani ya kioo imemezwa na kikombe.

Rudi kwenye daraja lako. Kitako cha kikombe ni tumbo la tao, ule upande wa chini wenye mawe yenye ukungu. Ukiwa juu ya ngazi unaliona kidogo sana, lakini majini lazima lijae, na ule uwazi wa tao uwe mwembamba kuliko wa juu. Chupa ni mnara wako wa saa. Kwa jinsi ulivyoeleza, unachungulia tu juu ya ukingo, nawe umesimama mahali pa juu. Nina mashaka makubwa kama majini upo. Usiniamini mimi. Nenda kwenye ngazi zako, daraja lenyewe usilitazame, yatazame maji tu na uutafute mnara.

Ndugu Penseli Butu amesema taswira iwe hafifu kuliko kitu chenyewe. Ni kweli kwa vitu vya giza tu. Giza la chini ya tao likifika majini linafifia kidogo, kwa sababu maji yana rangi yake na mwanga wake unaochanganyika nalo. Vitu vyeupe vinafanya kinyume. Jiwe lililopigwa na jua, ukuta mweupe, hata anga, vyote vikifika majini vinapungua mwanga, kwa kuwa maji hayarudishi mwanga wote, mwingine yanaumeza. Kwa hiyo majini vyeupe vinashuka, vyeusi vinapanda, vinakaribiana. Ukilipata hilo peke yake, hata kama umbo umelikosea, watu wataona maji.

Umeuliza maji yawe rangi gani. Hapa ndipo ukuta wako ulipojengeka. Ulipaka bluu moja eneo zima, na uso wowote wenye rangi moja kutoka juu hadi chini unasimama. Maji yanalala kwa sababu yanabadilika kadiri yanavyokukaribia. Ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja, mwanga unaorudishwa na uso wake ni kama asilimia 2 tu, mengine yote unayoona yametoka ndani: kijani, udongo, mawe ya chini. Ukiyatazama kwa mlalo, jicho likifanya pembe ya digrii 10 hivi na uso wa maji, yanarudisha takriban theluthi moja, na mbali zaidi, pembe ikizidi kuwa nyembamba, yanageuka kioo kabisa. Maana yake, karibu na miguu ya nguzo yako maji ni anga na daraja, na karibu na miguu yako ni mto wenyewe. Juu yawe na mwanga, chini yawe mazito na yenye rangi ya udongo au kijani. Ukiipata hiyo teremko ya rangi, maji yanalala hata kabla hujaweka taswira.

Sasa kazi yenyewe. Kuna daraja moja nimelichora misimu miwili, karatasi nyingi sana zimepita, na utaratibu huu ndio uliobaki mkononi.

Nalimaliza daraja kwanza. Naliacha likauke, naligusa kwa mgongo wa kidole, na karatasi ikiwa bado ya baridi najua haijakauka ndani. Ubao nauinamisha kwa unene wa kitabu kimoja upande wa juu. Kabla sijalowesha kitu, nachanganya rangi zote nitakazohitaji, nyingi kuliko ninavyodhani zitatosha: giza la matao, kijivu cha mawe, rangi ya anga, rangi ya mto. Giza na kijivu natoa kwenye altramarini, ile bluu iliyokolea, na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Nikizidisha bluu napata ubaridi, nikizidisha siena napata joto. Kwa kuwa rangi hizohizo mbili ndizo zilizojenga daraja la juu, la chini linakuwa ndugu yake bila kulazimishwa. Rangi nyeusi ya kwenye tyubu siigusi.

Kisha nachukua brashi bapa ya upana wa sentimita 3 hivi, maji safi, nalowesha kuanzia mguu wa nguzo hadi chini ya karatasi, mara mbili. Naweka anga ikiwa hafifu juu, nashuka nikiongeza rangi ya mto. Halafu naweka brashi chini na mikono naiondoa mezani.

Subira hii ndiyo kazi yote. Nainama hadi jicho linakuwa sawa na ubao, natazama mng'ao wa maji dhidi ya dirisha. Mwanzo karatasi inang'aa kama kioo, na ukipaka hapo rangi inakimbia inakotaka. Baada ya muda mng'ao unavunjika, vinundu vya karatasi vinaanza kuchomoza kimoja kimoja kama ngozi ya chungwa, na weupe unakuwa wa hariri yenye unyevu. Ni hapo. Rangi ikiingia inatanuka kidogo tu, ukingo wake unalainika halafu unatulia. Nakamua brashi kwa tishu, nachukua giza zito, nalishusha kutoka kwenye tao kwa pigo moja la wima. Nguzo, pigo moja. Tao la pili. Majengo nayapitia kwa ujumla tu. Kisha naisafisha brashi, naikamua tena, navuta mstari mmoja mlalo ukikata taswira yote mahali upepo ulipogusa maji, na rangi inaondoka na kuacha utepe wa mwanga. Mstari mmoja, labda wa pili ulio mfupi. Yote hayo hayazidi dakika nne, na mng'ao ukishakwisha nasimama hata kama kuna kitu nimesahau.

Ua lako la koliflawa lilitoka hapo. Brashi yako ilikuwa na maji mengi kuliko karatasi. Maji yale yaliyasukuma yaliyokuwepo, yakabeba chembe za rangi hadi mwisho wa unyevu yakazimwaga kule, ndizo zile kingo za kujikunja. Kwenye karatasi yenye unyevu, kinachoingia kiwe kizito kuliko kilichopo. Kama huna uhakika, usiingize kitu. Na doa likishatoka, liache likauke kabisa ndipo ulilowesha upya kwa upole na kulifyonza. Ulipolisugua likiwa bichi ulilipa njia ya kwenda.

Kuhusu taa. Taa inageuka nguzo ndefu kwa sababu kila kiwimbi kati yako na daraja kina upande mmoja ulioinama kwa pembe inayofaa kukurushia ule mwanga. Viwimbi ni vingi, kila kimoja kinarusha kipande chake, vinapangana wima chini ya taa. Hiyo pia ndiyo sababu mistari ya wima, nguzo na pembe za majengo, inadumu majini, na mistari ya mlalo kama ukingo wa daraja inapotea. Viwimbi vinarefusha vitu kuja upande wako, havitawanyi sana kushoto na kulia. Mimi natumia mshumaa mweupe: kabla ya kulowesha napitisha ncha yake chini ya kila taa kwa vipande vilivyokatika, vyembamba mbali, vipana karibu. Nta inakataa rangi, weupe wa karatasi unabaki. Onyo ni kwamba haitoki tena, kwa hiyo amua kwanza.

Kama unaweza kuiona picha yake, itafute kazi ya Thomas Girtin, mchoraji Mwingereza wa rangi za maji, ya mwaka 1800, iliyo kwenye jumba la sanaa la Tate mjini London, ya nyumba nyeupe ya Chelsea kando ya mto Thames. Alikuwa na miaka 25 hivi. Jioni imeshaingia, mto wote umetulia kwenye rangi za jioni, na kuna kijumba kimoja tu kinachong'aa mbali, na mwanga wake ukishuka majini chini yake. Nimeitazama miaka mingi. Kinachonigusa ni jinsi alivyovumilia kuacha mahali padogo hivyo pakiwa peupe wakati kila kitu kingine kinamwambia apake.

Tone la Tatu

Mzee Brashi Bapa, shikamoo. Nimehifadhi maelezo yako yote.

Nina jambo moja natofautiana nawe, kwa heshima. Mimi daraja sililimalizi kwanza. Tao na taswira yake navipaka kwa mkupuo mmoja, rangi ya tao ikiwa mbichi naivuta ishuke majini. Ukiacha daraja likauke ndipo uanze maji, mstari wa maji unakuwa mkali, na mara nyingi huo mstari ndio unaoonekana kama mkasi umepita. Nikivuta rangi ikiwa hai, mahali pengine nguzo inayeyuka ndani ya taswira yake na mtazamaji hajui jiwe limeishia wapi. Mtoni ndivyo ilivyo, hasa chini ya tao ambako giza linakutana na giza.

Na kwako Karatasi Mbichi: jaribu kushuka. Kama unachora kutoka juu ya ngazi, madaraja yako mawili yatatofautiana sana na itakubidi upime kila kitu. Jicho likiwa karibu na maji, la juu na la chini yanakaribia kufanana, na kazi inarahisika. John Singer Sargent, mchoraji Mmarekani, alipochora Venice, mji wa mifereji huko Italia, kwa rangi za maji, mara nyingi alikuwa ameketi ndani ya gondola, ile mashua nyembamba ya huko, jicho lake likiwa juu kidogo tu ya maji. Tazama michoro hiyo utaona majengo yanavyomwinukia na maji yanavyomjia hadi mapajani.

Kitu kingine, ukubwa wa viwimbi. Karibu na daraja vichore kama nyuzi, karibu nawe viwe vipana, vyenye mviringo, vichache. Watu wengi wanaviweka sawa kuanzia juu hadi chini na hapo maji yanasimama tena hata kama rangi iko sahihi.

Mzee Brashi Bapa

Marahaba, Tone la Tatu. Umesema kweli kuhusu mstari wa maji. Kwa anayeanza nitamshauri amalize daraja kwanza, kwa sababu kuendesha vitu viwili vibichi kwa wakati mmoja kunahitaji mkono uliokwisha kuzoea subira. Ila mstari akishauweka, aulainishe sehemu mbili tatu kwa brashi yenye unyevu, hasa chini ya matao. Hapo tutakuwa tumekutana njiani.

Karatasi Mbichi

Shikamoo mzee. Na nyote asanteni sana, sikutegemea majibu marefu hivi.

Nilikwenda jana na leo. Jana nilisimama palepale pa siku zote, nikaziba daraja kwa kiganja ili nisilione, nikayatazama maji. Mzee, mnara haupo! Nimepiga picha zaidi ya arobaini mahali pale na sikuwahi kuona kwamba haupo. Juu ya ukingo unachungulia pamoja na uso wake wa saa na paa lake, majini pana ukingo wa daraja halafu anga basi. Nilibaki nimesimama hapo kwa muda, maana nilikuwa nimeuchora kwenye karatasi tatu, saa ikiwa imegeuzwa vizuri kabisa pamoja na mishale yake.

Kisha nikashuka ngazi nikifanya kama alivyosema Tone la Tatu, kidato kimoja baada ya kingine, macho kwenye maji. Katikati ya ngazi ncha ya paa ikatokea majini, nyembamba kama unyoya. Kwenye kidato cha mwisho nilipoketi, miguu ikiwa karibu kuloa, sehemu kubwa ya paa ilikuwa imeshatokea, na juu yenyewe mnara ulikuwa umeshuka nyuma ya daraja, umebaki paa tu. Nilipanda na kushuka mara nne. Na tumbo la tao la katikati nimeliona: kuna mawe mawili yenye doa jeupe la chumvi chini yake ambayo kwa macho hayaonekani hata kidogo kutoka juu ya ngazi, lakini majini yako wazi kabisa.

Leo nimechora nikiwa nimeketi kidato cha mwisho, karatasi ndogo, bila penseli nyingi. Nimefuata utaratibu wa mzee. Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Mara mbili mkono ulikwenda kwenye brashi, nikaurudisha. Vinundu vilipoanza kutokeza nikashusha giza la tao la katikati na nikaliona likitanuka kidogo halafu likatulia, kama ulivyosema. Matao mawili nimeyapata. La tatu nilichelewa, karatasi ilikuwa imeshakauka upande huo, likatoka na kingo kali. Nguzo ya kulia nayo imepotea chini, sijui ni kwa nini, rangi yake imeyeyuka ikaungana na maji na sioni tena ilikoishia. Nta ya mshumaa imefanya kazi kwenye taa mbili, ya tatu niliibonyeza sana, imekuwa mstari mmoja mnene.

Lakini maji yamelala. Nimeiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua kama sita, yamelala kabisa, yanakuja hadi kwangu. Sina neno jingine la kuelezea.

Swali langu la mwisho. Lile tao la tatu lenye kingo kali, nilisugue lilainike? Na ile nguzo iliyopotea niirudishie mstari wake kwa brashi nyembamba?

Tone la Tatu

Hongera sana! Nguzo usiiguse kabisa, naomba sana. Hiyo ndiyo niliyokuwa nakueleza, jiwe linaloyeyuka ndani ya maji. Ukiirudishia mstari utaikata.

Mzee Brashi Bapa

Nguzo iache, naungana naye.

Tao la tatu linatengenezeka. Subiri hadi kesho karatasi ikauke ndani. Chukua brashi bapa, chovya kwenye maji safi, ikamue hadi isidondoshe, pitisha kwenye ukingo ule mkali mara mbili tu bila kukandamiza, halafu bonyeza tishu safi na uinue moja kwa moja, usifute. Rangi kidogo itakuja nayo. Kama haitoshi, rudia baada ya kukauka. Altramarini na siena zinakubali kuinuliwa kwenye karatasi ya pamba, ila fanya kwenye ukingo wa nje pekee. Ule wa ndani, upande wa nguzo, ubaki mkali, kwa sababu jua la jioni linapiga pale na majini pia lazima kuwe na mahali pamoja palipo wazi.

Taa ya tatu iache kama ilivyo. Siku nyingine utakapokwenda, hesabu kwa macho ile nguzo ya mwanga imekatika mara ngapi kabla haijakufikia.